Mbavu za Alumini

Katuba, mwezi wa kumi. Mvua haijaamua.
Jakaranda zinamwaga zambarau juu ya mabati
na mimi nimepiga magoti mbele ya radiata
niliyoing'oa kwenye mashine ya kulehemu iliyokufa.
Nimelaza msasa juu ya kioo, naisugua mgongo,
mviringo, mviringo,
mpaka inirudishie uso wangu, japo kwa ukungu.

Ampli ya kwanza iliungua kwenye harusi ya Mulunda,
wimbo wa tatu, bibi harusi ndiyo kwanza anavua viatu.
Watu walidhani mpishi amesahau mafuta jikoni.
Sikuwa na haja ya kufungua boksi:
harufu ya transista haina ndugu.
Nilirudisha dola arobaini
na teksi ya wapiga picha, ambao hata sikuwaita.

Kosa lilikuwa dogo kama punje ya ulezi.
Nilitoboa tundu kwa keekee, ukingo sikuukwangua,
jino moja la alumini likabaki limesimama
likatoboa maika.
Basi.

Maika ya leo nimeibandua ndani ya pasi ya marehemu mama,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Joto inalipisha. Umeme inaukatalia.
Mama naye alikuwa hivyo mlangoni:
mwenye njaa alipita mpaka jikoni,
mwenye maneno aliishia barazani.

Mafuta meupe napaka kidogo,
si kama siagi kwenye mkate wa mtoto wa pekee.
Skrubu naivalisha kipande cha mrija wa biki
isije ikagusa kile isichotakiwa kugusa.
Nakaza huku robo, kule robo,
maana ukimaliza upande mmoja kwanza
transista itakaa kama mgeni aliyenuna, nusu kiti.
Kisha mita: mguu mmoja kwenye kofia ya chuma,
mguu mmoja kwenye mbavu.
Ikilia, fungua zote, anza upya.
Ikinyamaza, pumua.

Imenyamaza.

Baba ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru la shaba,
chini ya lile bomba la moshi tunaloliona hata tukiwa chooni.
Feni za tanuru zilikula masikio yake polepole,
kwanza ndege, halafu wajukuu, halafu redio.
Pensheni haikufika.
Ukimya ulifika kwa wakati.

Anainuka bila kuulizwa. Anashika radiata yangu,
niliyoilaza chali kwa sababu boksi ni fupi,
anaisimamisha wima.
"Mbavu zisimame," anasema kwa sauti kubwa ya viziwi,
"hewa ya moto ni moshi wenye haya,
inataka kupanda pasipo kuonekana."
Nimekata boksi upya. Saa mbili za msumeno.

Umeme unarudi saa tatu usiku, mtaa mzima unapiga kelele.
Naweka balbu ya wati mia njiani, iwe mlinzi.
Inang'aa mara moja, kali, moyo wangu unasimama nayo,
kisha inafifia mpaka uzi mwekundu.
Naitoa. Natia rumba ya zamani, gitaa tatu
zinazozungumza kwa zamu bila kukatana kauli.

Baba hasikii gitaa hata moja.
Anaweka kiganja juu ya mbavu
kama anayepima homa ya mtoto.
Kidole changu huhesabu hadi tano, kisha hukimbia,
hicho ndicho kipimo changu.
Chake sikijui. Nahesabu kumi na mbili, ishirini,
mkono bado upo,
ngozi ile ilizoea vitu vya kutisha zaidi.
Jirani Ngoie amekwisha kugonga ukuta mara mbili.

"Iko naimba," anasema.
Besi inashuka, vioo vya kabati vinatetemeka.
Anafumba macho, anasogeza kiganja
kutoka transista ya kushoto hadi ya kulia, anarudi,
anakunja uso.

"Ongeza," ananiambia. "Ingali baridi."